Hadithi Si Sweta

Mliokuwa ukumbini Jumamosi mliona wenyewe. Mwandishi alipofika ukurasa wa 3 wa hadithi yake akagundua kuwa bibi asiyejua kusoma anaisoma barua ya posa. Badala ya kutafuta dawa, akagusa simu na kufuta kila kitu kuanzia hapo hadi tamati. Kurasa 9, zote ukutani mbele ya projekta. Wengine wakapiga makofi, eti ujasiri. Ujasiri gani? Alikosea, tena kosa lisilomfaa mtu anayejua kufuma kuliko wengi wetu.



Lakini kumbukeni alivyolitendea sweta alilokuwa akifuma, saa moja tu kabla. Msuko wa mkono wa kushoto ulikuwa umepinda upande usio wake, mistari 14 chini. Hakuufumua mkono mzima. Aliviachia vitanzi vya msuko ule peke yake vikashuka mpaka penye kosa, akavipandisha kimoja kimoja kwa sindano ya kroshia, na vya jirani havikutikisika. Huyo huyo, kufika kwenye hadithi, akashika shoka! Na kama kuna chenye haki ya kufumuliwa, ni sweta, maana kila mstari umepitishwa kwenye vitanzi vya mstari wa chini yake. Ukurasa wa 9 haukufungwa hivyo kwenye wa 3. Barua angesomewa bibi na mjukuu. Sentensi mbili tu, na mtoto angeijua siri kabla ya wakubwa, jambo ambalo tamati ile ililililia tangu mwanzo.

Nawalaumu wakufunzi wa warsha, nao wanajua nitawataja. Wamehubiri "futa, anza upya" mpaka vijana wanaamini kufuta ndiko kuhariri. Na simu nazo! Kwenye daftari mstari uliokatwa bado unasomeka.

Wanaojua kukata hawapotezi: mwandishi wa hadithi fupi Raymond Carver aliwahi kusema hadithi moja aliipitisha hata rasimu 20 au 30. Mhariri wake, Gordon Lish, alipoikatakata "A Small, Good Thing" ikatoka kama "The Bath" katika kitabu cha 1981, matini ndefu ilikuwapo bado. Mwaka 1983 Carver akairudisha ndani ya Cathedral, na mwaka huohuo ikashika nafasi ya kwanza katika tuzo za O. Henry. Hata Elizabeth Zimmermann, bingwa wa kufuma aliyeandika Knitting Without Tears (1971), alilipasua sweta kifuani kwa mkasi bila kupepesa, ila baada ya kupitisha cherehani pande zote mbili za pale atakapokata. Wale walikata wakijua kitakachoshika.

Mliogawiwa nakala za rasimu ya kwanza pale mlangoni, msizifungie maandazi. Mpelekeeni mwenyewe, kurasa zote 11.