Msongamano Si Kipimo: Istilahi ya Watu na Ardhi Yao

Istilahi "msongamano wa watu" imeenea katika vitabu vya jiografia, katika taarifa za mipango na katika tafsiri za maandishi ya takwimu. Huchukuliwa kuwa ndilo jina la kipimo kinachopatikana kwa kugawanya idadi ya watu kwa ukubwa wa eneo wanamoishi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo halilingani na kipimo hicho, kwamba kasoro yake inagusa maamuzi juu ya ardhi, na kwamba Kiswahili kina maneno ya kuirekebisha. Mifano yetu mingi itatoka Sumbawanga na nyanda za juu za Ufipa. Kwa kulinganisha tutatazama pia miji ya Japani, ambako wataalamu wa takwimu walikabiliwa na tatizo la namna hii zaidi ya miaka sitini iliyopita.

Maana ya neno lenyewe

Msingi wa neno hili ni kitenzi "songa", chenye maana ya kubana na kukaza: mpishi husonga ugali, msusi husonga nywele. Kiambishi "-man-" huongeza maana ya vitu kushikana vyenyewe kwa vyenyewe, kama tuonavyo katika shikamana, fungamana na gandamana. Kusongamana, basi, ni kubanana kwa vitu vingi hata vikagusana na kuzuiana.

Matumizi ya kila siku yanathibitisha jambo hilo. Twasema msongamano wa magari barabarani, msongamano wa wafungwa gerezani, msongamano wa wanafunzi darasani. Katika kila mfano kuna mpaka uliovukwa: barabara haitoshi, vyumba havitoshi, madawati hayatoshi. Neno limebeba lawama ndani yake. Hakuna asifiaye msongamano, na kitenzi kinachoufuata mara nyingi ni "kupunguza". Kila msongamano huomba kupunguzwa.

Kipimo cha takwimu hakina lawama. Ni hesabu tu ya kugawanya, na jibu lake laweza kuwa 2 au 20,000. Sasa tutazame Mkoa wa Rukwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu 1,540,000, katika ardhi ya takribani kilomita za mraba 22,800. Hao ni watu 68 hivi kwa kila kilomita ya mraba, karibu sawa na wastani wa Tanzania Bara yote. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wake kwamba Rukwa ina "msongamano wa watu 68", mwanafunzi makini atauliza ni nani anayembana mwenziwe huko. Na mwalimu akisema "msongamano mdogo", ni kama kusema "mafuriko madogo" ya kijito kilichokauka. Sarufi haijavunjwa, lakini neno na jambo vimeachana.

Eneo lipi?

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo ni kwamba istilahi hii inataja watu na kunyamaza kuhusu ardhi. Kipimo kina pande mbili, na jina limetaja upande mmoja tu. Kwa hiyo msomaji hupewa namba bila kukumbushwa kuuliza namba hiyo imegawanywa kwa nini.

Manispaa ya Sumbawanga ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 1,300, na mwaka 2022 ilikuwa na karibu watu 304,000. Ukigawanya, unapata karibu watu 230 kwa kilomita ya mraba. Je, namba hiyo inaeleza nini? Haielezi Mazwi wala Majengo, ambako nyumba zimekaribiana na maduka yamepangana. Wala haielezi Mollo, Pito au Matanga, ambako ndani ya mipaka ile ile ya manispaa watu wanalima na kuchunga. Ni wastani wa mji na mashamba yake, nao hauelezi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Mtendaji anayepanga mabomba ya maji akiitumia kwa Mazwi atapunja. Akiitumia kwa Mollo atazidisha.

Dar es Salaam inatupa mfano ulio kinyume. Mkoa huo una kilomita za mraba 1,393, yaani ukubwa unaokaribia ule wa Manispaa ya Sumbawanga, lakini mwaka 2022 ulikuwa na watu 5,383,728. Wastani wake ni karibu watu 3,860 kwa kilomita ya mraba. Hata hapo namba inaificha Kariakoo, kwa sababu imechanganywa na mashamba na maeneo ya wazi ya pembezoni, kama yale ya Kigamboni.

Japani iliukuta ugumu huu baada ya sheria ya mwaka 1953 ya kuunganisha serikali za mitaa. Miji na vijiji vilivyokuwa 9,868 mwaka huo vilipungua hadi 3,472 kufikia mwaka 1961. Mji ulipounganishwa na vijiji vya jirani, milima na mashamba ya mpunga viliingia ndani ya mipaka yake, na wakazi wa vijiji hivyo wakahesabiwa kuwa watu wa mjini pasipo kuhama. Mfano ulio wazi zaidi ulitokea baadaye, katika muungano wa mwaka 2005: Takayama, katika jimbo la Gifu, ikawa na kilomita za mraba zipatazo 2,177, sehemu kubwa ikiwa milima yenye misitu. Mwaka 2020 Takayama ilikuwa na watu wasiozidi 85,000, yaani takribani 39 kwa kilomita ya mraba. Kwa namba hiyo, "mji" huu wa Japani una watu wachache kwa eneo kuliko Mkoa wa Rukwa wote, pamoja na mapori yake. Katika nchi hiyo hiyo, Warabi, karibu na Tokyo, ina kilomita za mraba 5 na ushei tu, na watu zaidi ya 14,000 kwa kila moja. Kisheria yote mawili huitwa kwa neno moja, "shi", yaani mji.

Wajapani hawakuitupa hesabu. Walitaja upya ardhi inayohesabiwa. Katika sensa ya mwaka 1960 walianza kutenga maeneo maalumu ya mkusanyiko wa watu, yasiyofuata mipaka ya utawala. Kwa kawaida sehemu ndogo za kuhesabia huingizwa ikiwa zimepakana, zina watu wasiopungua 4,000 kwa kilomita ya mraba, na kwa pamoja zina watu wasiopungua 5,000. Kwa kipimo hicho ilionekana katika sensa ya mwaka 2020 kwamba karibu asilimia 70 ya watu wa Japani wanaishi katika ardhi isiyofikia asilimia 4 ya nchi. Tukumbuke wastani wa Dar es Salaam hapo juu: mkoa mzima usingefikisha 4,000, ingawa hakuna awezaye kusema kwamba Dar es Salaam si mji.

La kutufaa zaidi ni utaratibu wao wa maneno. Kipimo wanakiita "jinkō mitsudo", yaani kiwango cha ukaribiano wa watu, nacho hakina sifa wala lawama. Kwa hali ya watu kuzidi wana neno jingine, "kamitsu". Na kwa hali ya mahali kupungukiwa na watu wana "kaso", neno lililoingia katika lugha ya serikali yao tangu miaka ya 1960. Kipimo kina jina lake na hukumu zina majina yake. Sisi tumelibebesha neno moja kazi ya kupima na kazi ya kuhukumu.

Athari zake Ufipa

Huenda msomaji akauliza kama haya si mabishano ya maneno tu. Tuitazame Ufipa. Nyanda hizi, zilizoinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni za majani mengi na miti michache. Kwa desturi vijiji vya Wafipa hukaa kwa kushikamana, nyumba karibu na nyumba, na mashamba huvizunguka. Msafiri anayetoka Tunduma kupitia Laela hadi Sumbawanga huona mbuga wazi kati ya kijiji na kijiji, na ni rahisi kwake kudhani kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe.

Lakini kilimo cha asili cha Wafipa kina hesabu yake. Mkulima hufukia majani katika vilima vya udongo viitwavyo intumba ili yaoze. Kisha huvitandaza na kupanda, na baada ya misimu kadhaa huliacha shamba lipumzike mpaka majani yaote tena. Ardhi iliyopumzishwa ni sehemu ya shamba kama vile usingizi ulivyo sehemu ya maisha ya mfanyakazi. Kwa ulezi, maharage na mahindi yanayotoka huko, Rukwa imehesabiwa kwa muda mrefu miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi.

Sasa taarifa ikiandikwa kwamba wilaya fulani ya Ufipa ina "msongamano mdogo wa watu", msomaji wa ofisini huelewa nini? Kwa kuwa msongamano ni kujaa, msongamano mdogo huwa kutojaa, na kisichojaa kina nafasi. Kutoka "msongamano mdogo" hadi "ardhi tupu" ni hatua moja. Hatua hiyo ina uzito wa kisheria: Sheria ya Ardhi (Na. 4) ya mwaka 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Neno lililotumiwa ovyo laweza kulifanya shamba lililopumzishwa lionekane kuwa ardhi isiyotumika.

Tuchukue kijiji cha kubuni chenye watu 3,000 na kilomita za mraba 60. Wastani wake ni 50. Ikiwa kilomita 36 kati ya hizo ni msitu wa hifadhi, kama ule wa Mbizi, pamoja na miteremko ya ukingo wa Bonde la Rukwa, zinabaki 24 za kulimwa, na wastani unakuwa 125. Tena, ikiwa katika hizo 24 ni theluthi moja tu inayolimwa kila mwaka na nyingine zinapumzika, ardhi ya jembe ni kilomita 8, na wastani unafikia 375. Watu ni wale wale na kijiji ni kile kile. Kilichobadilika ni ardhi iliyotajwa.

Maneno yaliyopo

Baadhi ya waandishi wamejaribu maneno mengine. "Wingi wa watu" huchanganywa na idadi: Takayama ina wingi kuliko Warabi, lakini Warabi ndiyo iliyobanana. "Ujazo" umekwisha kuchukuliwa na vipimo vya vyombo, nao hudai mpaka wa kujaa. "Msongo" umeshikwa na mafundi umeme na waganga wa akili. "Mtawanyiko" unaeleza jinsi watu walivyoenea mahali, wala si kiasi chao kwa eneo. "Densiti" inafaa katika maabara ya fizikia, ila haijielezi yenyewe katika mkutano mkuu wa kijiji, na huo ndio mkutano ambao kisheria huridhia ugawaji wa ardhi ya kijiji.

Tunalo neno "uwiano". Walimu wanalijua: husema uwiano wa walimu na wanafunzi, na hapo hakuna anayedhani kwamba walimu wanabanana. Uzuri wake ni kwamba halikamiliki mpaka pande zote mbili zitajwe.

Mapendekezo

1. Kipimo kiitwe "uwiano wa watu na eneo", na eneo litajwe: la mkoa, la manispaa au la kata.

2. Pale ambapo hifadhi, maji na miteremko vimeondolewa, paandikwe "uwiano wa watu na ardhi ya kilimo", na ielezwe kama ardhi inayopumzishwa imehesabiwa.

3. Sehemu ya mji iliyojengwa mfululizo iitwe "eneo la makazi yaliyoshikana", na mwandishi aeleze kiwango alichotumia.

4. "Msongamano" libaki kwa hali iliyovuka uwezo, na kilichozidiwa kitajwe: vyumba, madawati, visima au barabara.

5. Kwa mahali panapopungukiwa na watu, tuseme "upungufu wa watu", tena pale tu ambapo upungufu huo umethibitishwa.

Kwa mfano, mahali pa "Sumbawanga ina msongamano wa watu 230", mfasiri aandike: "Uwiano wa watu na eneo la Manispaa ya Sumbawanga ulikuwa karibu 230 kwa kilomita ya mraba mwaka 2022." Na mahali pa "Wilaya hii ina msongamano mdogo", aandike uwiano, aitaje ardhi, kisha aache hukumu kwa wenye mamlaka ya kuitoa.

Itasemwa kwamba istilahi ya zamani imekwisha kuzoeleka na kwamba hii mpya ni ndefu. Ni kweli kwamba urefu ni gharama, hasa katika vichwa vya majedwali. Lakini maneno yaliyoongezwa, "na eneo", ndiyo yanayobeba swali ambalo istilahi ya zamani ilikuwa imelifunika. Mazoea nayo hubadilishwa na vitabu vya shule kwa muda mfupi kuliko tudhanivyo, endapo walimu wataanza. Mtoto wa Ntendo anayesoma jiografia anastahili kuelezwa kijiji chake kwa neno litakalomfanya aulize ni ardhi ipi iliyohesabiwa, kwa maana swali hilo huenda siku moja akalihitaji kwenye mkutano wa kijiji.