Milimita 32: Kiolezo Kinavyoamua Mzinga wa Nyuki

Ukifungua mzinga wa viunzi, yaani vibao vya juu ambavyo nyuki huning'inizia masega, uliotengenezwa kwa kukadiria, kosa la seremala utaliona kabla ya asali. Unashika kiunzi cha tano, unakivuta juu, nacho kinakuja na jirani yake. Sega limejengwa mshazari, limeshika viunzi viwili kwa pamoja. Ukilazimisha linakatika, asali inawamwagikia majana, yaani watoto wa nyuki, na nyuki wanakupanda mikononi. Yalinikuta kwenye mizinga niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo sipasui kiunzi bila kiolezo.

Mkoa wetu wa Singida una kila sababu ya kulijali jambo hili. Upande wa Manyoni na Itigi tuna miombo na vichaka, na huko ndiko liliko shamba la nyuki la Aghondi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwingineko tuna alizeti, ambayo nyuki huichavusha huku wakijitafutia chakula. Wazee wetu walifuga kwa mizinga ya magogo na ya magome. Mzinga wa gome una gharama yake: mti ukivuliwa gome kuzunguka shina lote, hufa. Mzinga wa viunzi, ulioanza kuenezwa Afrika Mashariki miaka ya 1970, unatumia mbao za kawaida na unamruhusu mfugaji kutoa sega moja, kulikagua na kulirudisha bila kuvuruga mengine. Lakini faida hiyo yote imebebwa na kipimo kimoja, nacho ni upana wa kiunzi.

Kipimo hicho hakikutungwa na seremala. Nyuki wenyewe hujenga masega kwa nafasi maalumu: unene wa sega la majana, kisha upenyo wa kupita na kufanya kazi. Mwaka 1851, mchungaji wa kanisa wa Marekani, Lorenzo Langstroth, alibaini kwamba nyuki huuacha wazi upenyo wa takribani milimita 6 hadi 9. Ukibana zaidi wanauziba kwa gundi yao, na ukipanuka zaidi wanaujaza sega. Toka katikati ya sega hadi katikati ya sega jirani, nyuki wa Ulaya huacha takribani milimita 35. Nyuki wetu wana maumbo madogo, na kwao nafasi hiyo ni milimita 32. Seremala anayenakili mchoro wa Ulaya bila kuuliza anakuwa amewajengea nyuki wa nchi nyingine.

Sasa tupige hesabu. Mzinga wenye viunzi 28 vya milimita 32 unahitaji milimita 896, kwa hiyo sanduku lenye urefu wa ndani wa milimita 900 linatosha na kubakiza nne za kupumua. Kila kiunzi kikizidi kwa milimita moja tu, jumla inakuwa 924. Kiunzi cha mwisho hakiingii, na mahali pake panabaki ufa. Baya zaidi halionekani kwa macho. Nyuki wakishikilia nafasi yao ya 32 chini ya viunzi vya 33, kila sega linachelewa kwa milimita moja. Ukifika kiunzi cha 17, katikati ya sega pameangukia kwenye mpaka wa viunzi viwili. Hapo ndipo masega yanapofungamana. Milimita moja, ambayo jicho la fundi linaisamehe kwenye kitanda au kabati, hapa inaharibu mavuno.

Ndiyo maana kazi inaanza kwenye mbao kabla ya msumeno. Msindano unaotufikia kutoka nyanda za juu kusini mara nyingi huwa mbichi, na hewa ya Singida ni kavu yenye upepo. Kiunzi kilichopasuliwa kibichi kwa 32 kinaweza kusinyaa karibu milimita moja kikikauka. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite. Chagua kipande kimoja, kipime uzito kila wiki na uandike. Uzito ukiacha kushuka, mbao zako ziko tayari.

Kiolezo cha kwanza ni kipimo cha milango miwili. Chukua kibaki cha mninga, ubao ambao hausinyai wala kupinda ovyo, unene wa inchi moja. Toboa mapengo mawili ubavuni: moja la milimita 32 na nusu, jingine la 31 na nusu. Kiunzi kizuri huingia mlango wa kwanza na kugoma wa pili. Kikigoma wa kwanza, kipitishe randa mara moja kisha ujaribu tena. Kikiingia wa pili, kimekwisha, kipeleke kwenye kuni. Mwanafunzi wa siku moja anaweza kukagua viunzi mia bila kugusa futi.

Cha pili ni kizuizi cha urefu. Piga gogo dogo mwisho wa sanduku la kukatia, ili kila kiunzi kikatwe sentimita 48 bila kuchora mstari. Acha mwanya chini ya gogo hilo vumbi la msumeno litoke. Vumbi likijikusanya, viunzi huanza kupungua kidogo kidogo na hutajua.

Cha tatu ni mama wa kuta za mwisho, zile zenye umbo la kombe, pana juu na nyembamba chini. Kata mama huyo kwa plaiwudi, kisha kila ukuta uchorwe kutoka kwa mama huyo huyo. Makosa mengi niliyoyaona yanatokana na kuchora ukuta wa pili kwa kutumia wa kwanza, wa tatu kwa kutumia wa pili. Kila nakala inaongeza unene wa penseli, na mzinga wa kumi hauna undugu na wa kwanza.

Violezo vyote hivi vitundike ukutani, kila kimoja kwa msumari wake, viandikwe jina na kipimo kwa kalamu isiyofutika. Kiolezo kinacholala sakafuni kitakanyagwa au kitachomwa moto wa chai.

Tunasema fuata nyuki ule asali. Kwa seremala, kumfuata nyuki ni kufuata kipimo chake. Na kwa vikundi vinavyoagiza mizinga, nawasihi msilipe kwa kutazama rangi na misumari. Siku ya kupokea mzigo, toa kiunzi kwenye mzinga wa kwanza, kiweke kwenye wa ishirini. Toa cha wa ishirini, kirudishe kwa wa kwanza. Vikikaa bila kulazimishwa, fundi huyo alitumia kiolezo. Mlipeni haki yake yote.