Turbo haina kesi ya kujibu kwenye jamu

Mwenye Subaru iliyoongezwa nguvu akifika gereji na kulalamika kwamba gari linachemsha, hukumu huwa imeshaandikwa: turbo kubwa, moto mwingi, tafuta rejeta nene ya alumini. Hakuna anayeuliza linachemsha wapi.

Gari la uchambuzi huu ni Impreza WRX yenye injini ya EJ20 ya lita 2. Interkula imehamishwa kutoka juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti, ikapelekwa mbele nyuma ya bampa. Bomba la moshi limepanuliwa na kompyuta imepangwa upya. Likipanda kuelekea Limuru kwa kasi, joto la maji halivuki nyuzi 90. Likikwama Waiyaki Way jioni huku AC inafanya kazi, joto linapanda hadi 106 na maji yanamwagika kupitia tangi la akiba. Vipimo hivi vilisomwa kwa skana iliyochomekwa kwenye kompyuta ya gari. Mshale wa dashibodi si wa kutegemea hapa. Umeundwa kukaa katikati hata maji yanapopanda nyuzi kadhaa, na ukianza kusogea umechelewa.

Sasa hesabu. Injini ya ukubwa huo ikinguruma gari limesimama hunywa takriban lita moja ya petroli kwa saa. Hiyo ni nishati ya kama kilowati 9, na theluthi moja hivi ndiyo huishia kwenye maji, yaani kilowati 3. Injini hiyohiyo ikikanyagwa mpaka itoe nguvu za farasi 250, maji hulazimika kubeba joto la karibu kilowati 100. Rejeta iliyouweza mlima wa Limuru haiwezi kushindwa na kilowati 3 kwa sababu ya udogo. Turbo nayo, kwenye jamu, haisukumi chochote. Ndani ya manifoldi ya hewa kuna mvuto, si msukumo. AC huongeza mzigo, kweli, na kondensa yake humwaga joto mbele ya rejeta, lakini bado tuko mbali na mlima.

Kilichobaki ni upepo. Barabarani gari hujiletea upepo lenyewe. Kwenye jamu linategemea feni peke yake, na feni hizo sasa zinatakiwa kuvuta hewa kupitia kuta tatu: interkula, kondensa, kisha rejeta.

Gasketi ya hedi ilichunguzwa kwanza kwa kuwa injini za Subaru zina jina baya upande huo. Dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi ilibaki buluu, na hapakuwa na mapovu kwenye tangi. Isitoshe, gasketi iliyoungua kwa kawaida hujionyesha injini inapobeba mzigo, na gari hili lilikuwa halina shida na mzigo.

Kifuniko cha rejeta kinastahili maneno zaidi, hasa kwa sisi wa nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa yakifika nyuzi 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Kifuniko kizima kinachobana bar 1 hivi hupandisha kiwango hicho hadi karibu 117. Kompyuta ya magari haya nayo huwasha feni maji yakikaribia nyuzi 95. Maana yake, kifuniko kilichokufa kabisa huyafanya maji yachemke Nairobi wakati uleule feni inapoamka. Turbo za Subaru zina vifuniko viwili, kimoja cha rejeta na kingine cha tangi dogo lililo juu karibu na turbo, na havifanani. Cha tangi ndicho kinachotakiwa kuachia shinikizo. Kwa pampu ya mkono, cha tangi la gari hili kiliachia kwenye bar 0.4. Ndani ya mfumo kulikuwa na maji ya mfereji matupu, bila kulanti. Kwa mwinuko wetu, maji matupu yaliyobanwa bar 0.4 huchemka kwenye nyuzi 105 au 106. Ndipo yalipomwagikia.

Lakini hilo lilieleza kumwagika tu, halikueleza kwa nini joto lilifika 106.

Jibu la hilo lilipatikana kwa karatasi. AC ikiwashwa, feni zote mbili huzunguka, na karatasi ikiwekwa mbele ya kondensa inatakiwa kunata. Upande wa kushoto ilinata. Upande wa kulia ilisukumwa nje. Gereji iliyohamisha interkula ilikuwa imefunga feni nyembamba ili kupata nafasi, na nyaya za moja zikaunganishwa kinyume. Feni moja ilivuta hewa, ya pili ikairudisha mbele ikiwa moto, na hewa ileile ikazunguka tena na tena. Barabarani kasi ya gari iliishinda feni hiyo, kosa likajificha.

Pamoja na nyaya hizo, kava la plastiki linalofunika mgongo wa rejeta lilikuwa limetupwa, kwa hiyo feni zilivuta hewa ya sehemu zilizokuwa mbele yake tu. Umeme nao ulifika kwenye feni ukiwa volti 12.1 ilhali betri ilisoma 13.9, kwa sababu ya waya mwembamba.

Nyaya ziligeuzwa, waya mnene na rilei vikafungwa, kava likatengenezwa kwa bati, nafasi zilizoachwa pembeni ya interkula zikazibwa kwa sponji. Kifuniko kipya kilifungwa na kulanti ikamiminwa. Jamu ileile, AC ileile: kati ya nyuzi 93 na 98. Rejeta ni ya kiwandani bado.

Rejeta nene ina kazi yake kwa anayekimbiza gari kwenye mashindano. Kwa wewe unayechemsha ukiwa umesimama tu, anza na karatasi, na usiguse kifuniko mpaka injini ipoe: maji ya nyuzi 105 hugeuka mvuke papo hapo shinikizo likitoka.