Anayeujua Upepo

Hapa Rwamgasa, mkoani Geita, tunaishi kwa dhahabu iliyomo ardhini. Kwenye kijiwe cha kahawa habari ni duara lipi, yaani shimo la machimbo, limefika kwenye mwamba, nani kapata, nani bado anafukia hela. Upepo hauna nafasi katika mazungumzo hayo mpaka ukosekane. Vijana wakishuka kina kirefu, juu lazima abaki mtu wa kulinda feni na mpira wa kupeleka hewa chini, na mpira ukikunjika walioko shimoni wanajua mara moja. Anayechoma zebaki naye anaukumbuka. Mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, uliofanya kazi hapa kwetu kati ya 2002 na 2007, ulifundisha kuchomea kwenye chombo kilichofungwa ili mvuke usitoke. Asiye nacho hujikinga kwa kukaa upande upepo unakotokea, nayo ni kinga hafifu. Zaidi ya hapo upepo kwetu ni vumbi la barabarani.

Lakini sangara anayekaangwa jioni kwa mama lishe, na dagaa wanaopimwa kwa kopo gulioni, wametoka kwa watu ambao upepo ndio kazi yao. Kaskazini mwetu, mwendo wa kilomita makumi kadhaa, kuna Nungwe, kuna Nkome, kuna visiwa vya Izumacheli na Kome, na ng'ambo ya magharibi kuna Chato. Huko ndiko zinakoanzia safari za bodaboda wanaopita Katoro na matenga yaliyofunikwa majani, wakikimbizana na jua. Mvuvi tumezoea kumsifu kwa mikono yenye nguvu na kwa urefu wa samaki aliyemwinua mbele ya kamera. Mimi nataka kumsifu kwa jambo lisilopigika picha: jinsi anavyoamua, jua likizama, kama mtumbwi utoke au ulale.

Ziwa Nyanza, yaani Victoria, lina kilomita za mraba 68,800 hivi, na kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Ziwa pana namna hiyo linajitengenezea upepo wake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa hupanda juu ya mashamba na miamba yetu, na ya ziwani huja kuziba nafasi. Huo ndio upepo unaoanza kusikika karibu na saa sita na kukomaa alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, maji hubaki na joto lake, na hewa huteremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wazinza, Wakerewe na Wajita waliishi kwa ratiba hiyo kabla ya kipimajoto kufika huku. Mwenye tanga hutoka usiku au alfajiri akisukumwa mgongoni na upepo wa nchi kavu, hutega au hutegua, kisha hungoja upepo wa mchana umrudishe nyumbani. Akichelewa kutoka, atapiga makasia huku upepo wa ziwa ukimpiga usoni. Akiwahi mno kurudi, atakaa katikati ya maji yaliyolala kama kioo, jua la utosini, samaki wakianza kulegea mtumbwini.

Hiyo ni hesabu ya siku. Ya mwaka ni ngumu zaidi, na hapo ndipo ufundi unapoonekana.

Kati ya Septemba na Mei ziwa hukaa kwa matabaka. Maji ya juu yana joto na hewa. Ya chini ni baridi, mazito, na hewa yake huisha kwa sababu kila kinachooza huzama huko na kuila. Sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi. Maji yasiyo na hewa ya kutosha hayawezi, kwa hiyo katika miezi hiyo hubanwa tabaka la juu, na mvuvi wa makila anayejua hilo halazi wavu wake sakafuni ambako hakuna anayepita. Ukifika Juni, pepo za kusi huvuma kavu na bila kuchoka, maji ya juu hupoa na kuwa mazito, tabaka huvunjika, na ziwa huchanganyika kutoka juu hadi chini mpaka Agosti. Sangara hupata ruhusa ya kushuka. Hutawanyika, huenda kwenye kina, na pale alipokuwa akipatikana Machi unaweza kukesha bure. Wazee hawasemi habari za matabaka. Wanasema kusi likiingia samaki anahama chini, na wanaongeza kamba ya nanga.

Kuna siku upepo hufanya kwa saa chache kazi ambayo kipupwe hufanya kwa miezi. Dhoruba kali ikisukuma maji ya juu kuelekea ufuko mmoja, ya chini hupanda kwenye ufuko wa pili, yakiwa hayana hewa. Sangara waliokuwa eneo lile hawana pa kukimbilia. Asubuhi wanaelea, wakubwa kwanza, matumbo juu. Wanasayansi wameandika vifo vya namna hiyo, hasa kwenye ghuba upande wa Kenya. Mvuvi mzoefu akiona maji yamebadilika rangi na kutoa harufu ya tope upande ambao upepo umetokea, huondoka hapo bila kubishana na mtu.

Upande ambao upepo unaelekea habari ni nyingine. Upepo wa wastani, ule unaokunja uso wa maji bila kupasua mawimbi, husukuma uji wa kijani wa mwani mpaka ghubani. Wadudu wadogo wa majini hufuata, dagaa, furu na uduvi huwafuata wadudu, na sangara huwafuata wote. Maji yakichafuka kidogo mwanga hupungua, na mwindaji huyu, ambaye macho yake yameumbwa kwa gizagiza, hupata ujasiri wa kusogea kwenye miamba na kina kifupi. Wavuvi wa ndoano wanaijua saa hiyo, na nadhani wavuvi wa maziwa ya nchi za baridi wanaosubiri samaki wao wa majira ya kuchipua wanaijua pia, kwa sababu mnyororo ni uleule popote penye upepo na maji. Wao humfuata samaki anayefuata maji ya joto yaliyosukumwa na upepo baada ya baridi ya miezi. Sisi hatuna baridi hiyo. Tuna hewa ya majini, na upepo ndio unaoigawa.

Kwenye dagaa upepo ni hakimu mkali zaidi. Wavuvi wake hutoka usiku wa giza, mwezi mkubwa ukiwa umeondoka, na taa zao, zamani karabai na sasa nyingi za betri na sola, hukaa kila moja juu ya boya lake. Dagaa hukusanyika chini ya mwanga taratibu. Kisha taa huvutwa kwa upole mno hadi zikutane, na wavu hupita chini. Upole huo wote unahitaji maji yaliyotulia. Wimbi likianza kuinua maboya, mwanga unavunjika vipandevipande, na kundi lililochukua saa mbili kujikusanya linatawanyika ndani ya pumzi moja. Kijana anayeshika kamba ya taa hujifunza kuhisi wimbi linalokuja kupitia vidole kabla hajaliona, na hulegeza kamba kidogo ili taa ipande na kushuka bila kutingishika.

Halafu kuna ufundi wa wanawake wa mwaloni, ufukoni mitumbwi inapofikia, ambao hauwekwi kwenye hesabu ya uvuvi ingawa bila wao samaki asingefika Rwamgasa. Dagaa hukaushwa juu ya mchanga, juu ya miamba, juu ya nyavu kuukuu, na penye uwezo juu ya vichanja. Jua peke yake halitoshi. Jua bila upepo huwapika juu na kuwaacha wabichi ndani, na upepo uliobeba unyevu wa mvua huwarudisha walikotoka. Mama anayejua kazi hutandaza mapema ili upepo wa ziwa uwakute tayari wameanza kunyauka, akiwageuza kwa ufagio wa njiti. Mchana huokota mmoja katikati ya tandiko, si pembeni ambako wote wamekauka, na kumkunja kati ya kidole gumba na cha shahada. Aliyekauka hukatika kwa mlio mdogo. Anayejikunja bado ana maji, na gunia zima la namna yake litakuwa limevunda kabla ya kufika Katoro. Wingu likitokea juu ya ziwa mama huyo hulitazama mara moja tu, kisha huita jina la binti yake, na turubai linakuja mbio.

Upepo huleta pia mzigo usioombwa. Tangu magugu maji yalipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yamekuwa yakisafiri kwa amri yake. Leo ghuba ni wazi, kesho imefungwa kwa zulia la kijani ambalo mtumbwi haupiti. Zulia hilo likihama usiku huzoa maboya, nanga na nyavu, na mwenye nyavu anaweza kuzikuta zimesokotwa kwenye mizizi, mbali na alipotega. Kabla ya kutega, nahodha huuliza magugu yalilala wapi, na upepo wa usiku utayapeleka wapi.

Yote haya ni ujuzi wa kupata samaki. Ninaousifu kuliko wote ni ujuzi wa kurudi.

Usiku pepo za nchi kavu huteremkia ziwani kutoka pande zote na kukutana katikati. Hewa hiyo haina pa kwenda ila juu, ikiwa imebeba mvuke wa maji yenye joto, na ndiyo maana dhoruba kubwa za Nyanza huzaliwa usiku. Pepo za mashariki huzisukuma magharibi, hivyo alfajiri, saa ambayo wavuvi wa kwetu wapo kwenye nyavu, ndiyo saa ambayo upande wetu unaweza kupigwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa ziwani humu kila mwaka. Utafiti wa Wim Thiery na wenzake uliochapishwa 2016 ulionya kwamba dhoruba kali zaidi za usiku zitaongezeka kadiri dunia inavyopata joto.

Upepo wa kusi nao una hila yake kwa sisi wa pwani ya kusini. Unatoka kwetu. Ukisimama mwaloni siku unapovuma kwa nguvu, maji yaliyo mbele yako ni laini, kwa sababu nchi imeyakinga. Mgeni huona shwari na kusukuma mtumbwi. Kadiri anavyokwenda ndivyo wimbi linavyopata uwanja wa kukua, na anapogundua, nyumbani kuko upande ule upepo unakotoka. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesimama, yanafuatana bila kumpa mtu nafasi. Mtumbwi ukigeuka ubavu, umekwisha. Nahodha hukaa nyuma akikielekeza kichwa cha mtumbwi kwenye wimbi, huku mmoja akichota maji kwa dumu lililokatwa bila kuinua uso, na hakuna anayezungumza.

Kwa hiyo tazama kinachofanyika mwaloni jioni. Nahodha mzee hasimami mahali pamoja. Anatazama moshi wa majiko ya wakaanga samaki, kama unapanda, unalala, au unayumba kati ya pande mbili, na huo wa kuyumba ndio haupendi. Anatazama radi iliko na kama inakaa palepale. Anaingia majini hadi magotini na kusimama. Wimbi dogo linalokuja kutoka upande usio na upepo linamwambia kwamba huko mbali kuna jambo. Nyuma yake vijana wamebeba taa na mafuta yameshanunuliwa kwa mkopo. Tajiri mwenye mtumbwi amepiga simu kuuliza kama wametoka.

"Mzee, twende, mbona kumetulia," anasema mmoja wao.

"Kumetulia mno. Leo tunalala."

Hakuna anayelipwa kwa kulala. Mkopo wa mafuta unabaki, na mitumbwi mingine huenda ikatoka na kurudi imejaa, ikamfanya aonekane mwoga hadi wiki iishe. Kubeba lawama hiyo kwa utulivu, kwa ajili ya watoto wa watu aliokabidhiwa, ni kilele cha kazi yake, na sijaona ufundi wowote wa mikono unaouzidi. Vijana wanaotoka kwenye maduara yetu yaliyokauka kwenda kujaribu ziwani hupata shida hapo kuliko penginepo. Shimoni ukingoja unapoteza siku, na wamefunzwa kwamba anayesita hapati.

Ufundi huu umevuka mabadiliko makubwa. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafagia furu wa mamia ya aina. Nyuzi za zamani ziliondoka, zikaja za nailoni, injini zikaingia kando ya matanga. Injini imemwezesha mvuvi kwenda mbali kuliko babu yake, na imemweka mbali zaidi na ufuko dhoruba inapoanza.

Sasa kuna utabiri pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za Ziwa Victoria, na mradi wa HIGHWAY ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulisaidia kuzifanya zimfikie mvuvi kwa lugha anayoielewa. Nimesikia watu wakisema taarifa hizo zitamaliza kazi ya wazee. Sikubaliani nao. Simu husema upepo mkali kusini mwa ziwa kuanzia usiku wa manane. Nahodha wa Nkome husikiliza, kisha huhesabu upepo huo utaingia kwa pembe gani, kisiwa kipi kitaukata, na kama mkondo nyuma ya kisiwa hicho utazishika nyavu au utazisokota. Usiku mwingine jibu lake ni kulala. Usiku mwingine hutega karibu, kwenye kivuli cha kisiwa, nyavu nusu ya kawaida, na kuwaambia vijana wawe wamezitegua kabla ya jogoo wa pili.