Kipimo cha Goti

Mgeni akifika Moshi huuliza habari za kupanda. Mpagazi atakueleza habari za kushuka. Kutoka kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, hadi lango la Mweka lililo kwenye mita zipatazo 1,640, ni mteremko wa zaidi ya mita 4,000, na kwa kawaida huteremkwa kwa siku mbili, mzigo ukiwa juu ya mtu na udongo wa msituni umelowa. Wakati wa kupanda, msuli wa mbele ya paja husukuma. Wakati wa kushuka, msuli huohuo hulazimika kurefuka huku ukizuia, hatua kwa hatua, na ukishachoka, goti huelemewa. Ndipo mguu huteleza, mwili ukageukia huku na unyayo ukabaki kule. Mchezaji wa mpira hufikwa na jambo hilohilo kwenye kiwanja tambarare: anafunga breki, anageuka kumkwepa beki, na mara nyingi hata hajaguswa na mtu. Husikia "tap" ndani ya goti. Kabla ya jioni limejaa.

Kilichokatika ni ligamenti ya msalaba ya mbele, ambayo watangazaji wa mpira wamezoea kuiita ACL. Ni utepe mfupi kuliko kidole gumba, na kazi yake kubwa ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele chini ya paja.

Nataka kuwasifu wataalamu wa fiziotherapia wanaolirudisha goti hilo uwanjani, na Moshi ni mahali panapostahili sifa hizo. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na ndipo penye chuo cha fiziotherapia kilicholea vizazi vya wataalamu. Hapohapo kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambako wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika wamejifunza kutengeneza miguu bandia na vifaa vya kuegemeza viungo. Majengo hayo tunayajua. Ufundi wenyewe hatuuzungumzii, kwa sababu ukifanywa vizuri hauachi alama: mpasuaji husifiwa kwa kovu, mchezaji husifiwa kwa kikombe.

Wengi hudhani kazi hii ni kukanda. Goti likiteguka kijijini, hutafutwa mtu wa kuchua na maji ya moto yakainjikwa. Mikono ya mchuaji ina heshima yake, lakini goti lililochanika jana, lenye damu ndani, halitaki joto wala kuchuliwa. Mtaalamu wa fiziotherapia huligusa kwa namna nyingine. Hulikunja kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja ukalishika paja, mwingine ukauvuta muundi mbele. Anachokitafuta ni mwisho wa mvuto. Ligamenti nzima husimama ghafla, kama kamba iliyokazwa. Iliyokatika haisimami, mfupa hutambaa mbele na kuishia kwenye ulaini. Kipimo hicho kina jina la daktari wa Kimarekani, John Lachman, na kimekuwa kwenye vitabu tangu mwaka 1976, lakini kitabu hakiwezi kumpa mtu vidole vya kukisikia. Vidole hivyo hupatikana kwa kuyashika magoti mazima na mabovu, mengi, chini ya jicho la mwalimu.

Halafu huja kazi ambayo kwa mtazamaji haina fahari yoyote. Taulo hukunjwa na kuwekwa chini ya goti.

"Likandamize taulo, mdogo wangu. Kaza paja. Hesabu mpaka tano. Achia."

Kijana aliyekuwa akikimbia dakika 90 anatazama paja lake na halifanyi kitu. Msuli haujaumia, ni mishipa ya fahamu iliyoupunguzia amri, kwa kuwa goti lililovimba hutuma habari za hatari na mwili hulilinda kwa kuzima nguvu. Katika majuma machache msuli huo huweza kusinyaa hadi ukaonekana kwa macho. Basi mtaalamu hukaa pale, vidole juu ya paja, akingojea mtikisiko wa kwanza, na akiupata hufurahi kwa sauti ili mgonjwa naye aamini. Wakati huohuo anapigania nyuzi za mwisho za kulinyoosha goti. Nyuzi tano zinazokosekana hazionekani kwa jirani, lakini mtu asiyeweza kulinyoosha goti lake atachechemea kila siku, na paja lake halitarudi.

Si kila goti hupasuliwa. Huko Sweden, vijana 121 walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010: wengine walipasuliwa mapema, wengine walianza na mazoezi, upasuaji ukawekwa akiba. Baada ya miaka mitano, karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamehitaji kisu, na kwa jumla hali za makundi hayo mawili hazikupishana kwa maana. Kwa familia inayopiga hesabu ya nauli ya Dar es Salaam na gharama za upasuaji, habari hiyo ni kubwa. Ina maana kwamba ngazi za nyumbani, kiti, ukuta na mtu anayejua kuvitumia ni tiba kamili, si subira ya maskini. Na miteremko ya Kibosho au Uru, iliyoumiza wengi, hugeuka kifaa cha mazoezi: kwanza kupanda tu, baadaye kushuka hatua fupifupi, kisha kushuka na mzigo mdogo.

Sisi tumelelewa kuwasifu wasiokubali kusimama. Mwaka 1968, huko Mexico City, mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari aliumia goti katikati ya marathoni, akaendelea na mguu uliofungwa bendeji, akafika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini heshima yetu kwake imetufanya tuwe wazito kuona ujasiri wa namna nyingine, wa yule anayemwambia mchezaji mwenye nguvu, asiye na maumivu, "Bado."

Mwezi wa tano au wa sita baada ya upasuaji ndio mgumu. Uvimbe umeisha, kijana anakimbia mbio nyepesi, kocha anapiga simu. Aliyepasuliwa amewekewa kipande cha kano kutoka mahali pengine mguuni, na kipande hicho hudhoofika kwanza kabla ya kuota mishipa ya damu na kugeuka ligamenti. Kazi hiyo huendelea kwa miezi mingi baada ya goti kuonekana limepona. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliouongeza kabla ya kurudi, hadi mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa hiyo mtaalamu hamsikilizi kocha. Huchora mstari sakafuni. Mguu mzima uruke, mguu ulioumia uruke, utepe wa kupimia uamue. Kama ulioumia haujafika angalau asilimia 90 ya mwenzake, mchezaji hurudi kwenye mazoezi ya goti. Hata ukifika, hutazamwa jinsi anavyotua: je, goti linaingia ndani? Je, uso umekunjamana kwa hofu? Hofu nayo hupimwa, na hupewa mazoezi yake.

Mtaalamu wa namna hii simwoni kwenye benchi la ufundi la timu zetu nyingi za mitaa, wala kwenye michezo ya shule, wala kwa wasichana wetu, ambao kwenye mpira huchanika ligamenti hii mara nyingi kuliko wavulana. Mchezaji akianguka, anayekimbilia uwanjani ni kijana mwenye chupa ya maji na dawa ya kupuliza. Goti linapimika vizuri zaidi katika dakika zile za kwanza, kabla halijajaa na kabla misuli haijakaza kulilinda. Vilabu vya Moshi vina chuo mlangoni. Vikaombe mtu.