Kumtafuta Johann kwa Majirani Zake

Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880, kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa, mhamiaji wa Kijerumani mara nyingi ameandikiwa neno moja tu: Prussia. Nchi hiyo ilianzia mpaka wa Ubelgiji ikafika mpaka wa milki ya Urusi. Vitabu vya ubatizo navyo vilitunzwa parokia kwa parokia, kwa hiyo asiyejua kijiji hana mlango wa kubisha.

Limbukeni wa kutafuta ukoo humwandama babu mwenyewe. Lakini babu ni Johann, na kaka zake nao huenda wote ni Johann, kwa kuwa jina la kwanza mara nyingi lilikuwa la kanisani tu. Nyumbani mtu aliitwa kwa la pili. Westfalen ndiko kwenye balaa: mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba aliweza kuchukua jina la shamba hilo.

Kama aliondokea bandari ya Hamburg, heri yake, maana orodha za abiria za 1850 hadi 1934 zipo. Aliyepandia Bremen ana kazi. Kuanzia 1875 maofisa wa huko walikuwa wakiharibu orodha kuukuu kwa kukosa nafasi ya kuziweka, na nyingi za zilizosalia zikapotea katika Vita vya Pili vya Dunia.

Fundi hapo humweka Johann kando. Hufungua kitabu cha kanisa la Wajerumani kule alikohamia, tuseme Wisconsin, akanakili wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake wote, mashahidi wa ndoa, hata waliozikwa jirani naye. Wengi wa watu hao hawakuanza kujuana Marekani. Walifuatana kutoka nyumbani. Mchungaji aliyeandika "Prussia" kwa Johann huenda, siku ya kumzika shemeji yake, aliandika kijiji kamili.

Kijiji kikijulikana, ni zamu ya ng'ambo, kwenye vitabu vya parokia vilivyoandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Herufi e yake inafanana mno na n, na u hutambulikana kwa kikunjo kidogo juu yake. Napenda namna mafundi wanavyousoma: hawaanzi na jina wanalolitaka, maana jicho lenye hamu huona linachotamani. Huanza na majina ya miezi, ambayo wanayajua tayari, wakachota humo herufi za mkono wa kasisi aliyeandika kitabu hicho, wakajitengenezea alfabeti yake. Na wakikuta Müllerin hawashtuki: ni mwanamke wa ukoo wa Müller.

Ubatizo ukipatikana, na tarehe ikilingana na ya kaburini, wengine hushangilia. Fundi hugeukia kitabu cha maziko cha parokia ile ile, kuona kama mtoto yule hakufa mchanga. Akimkuta humo, hurudi kwenye ubatizo wa miaka iliyofuata, kwani wazazi mara nyingi walimpa mtoto mwingine jina lile lile.