Watu wa Mwezi

Star Trek, mchezo wa televisheni ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, aghalabu huipa kila sayari taifa moja na jina moja. Ndipo viumbe wake wanapokosa kusadikika. Kosa hili halikuzaliwa angani. Burton, aliyefika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika habari za Nchi ya Mwezi, akifuata jina walilolitumia watu wa pwani kwa wapagazi wa misafara. Wenyewe kwa wenyewe waliitana kwa pande: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini. Basi aliye Msukuma kwa huyu huweza kuwa Mdakama kwa yule. Masikio ya Spock yalichongwa kwa uangalifu mkubwa; jirani zake wa kusini walimwitaje, mchezo haukusema.